JUMATANO: Mnunuzi Naye Yumo Katika Sheria

Soma Mithali 20:14. Mnunuzi anayetajwa hapa anakosea wapi?

Kila aliyewahi kusimama sokoni anamfahamu mtu huyu. Mbele ya muuzaji anaigeuzageuza bidhaa, anatafuta kasoro, anaguna. Akifika nyumbani anawaita majirani waone alivyopata kitu kizuri kwa bei ya kutupa. Sulemani hasemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Watu wetu hupatana bei kila siku, na mara nyingi huachana wakicheka. Kosa liko katika ulimi unaosema kitu hakifai huku moyo unajua kwamba kinafaa sana. Tungedhani hapa inavunjwa amri ya nane peke yake, kumbe na ya tisa imo.

Soma Mambo ya Walawi 25:14. Ni nani anayekatazwa kudhulumu?

Tumezoea kusikia mahubiri juu ya muuzaji mwenye mizani ya uongo. Fungu hili, ingawa linahusu hasa mauzo ya ardhi kuelekea yubile, linawataja wote wawili: anayeuza na anayenunua. Mnunuzi naye yumo katika sheria. Tena mara nyingi yeye ndiye mwenye nguvu, kwa sababu anaweza kuondoka na fedha yake mfukoni, lakini mama mwenye mkeka hawezi kuondoka na njaa ya watoto wake akaiacha pale sokoni.

Hebu tuufikirie huo mkeka. Ukindu unakatwa, unaanikwa, unachanwa, unatiwa rangi. Ndipo ukili unasukwa, pima baada ya pima, na mwishoni vipande vinashonwa pamoja hadi vidole vinauma. Ni kazi ya siku nyingi, na nyingi ya siku hizo hufanyika usiku baada ya shamba na jiko. Mnunuzi anauona mkeka kwa dakika tano tu. Asipouliza, atalipia dakika zake tano.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Kwa nini Mungu anataja kuchwa kwa jua?

Maskini ameutegemeza moyo wake katika ujira wa siku ile. Kwa msusi na mchongaji, bei ya kazi yake ndiyo ujira wake. Hapa kanisa lijichunguze. Dada mjane anayesuka vikapu huombwa “bei ya undugu” na washiriki wenzake, kisha huambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Mgeni asiyemjua Kristo amemlipa taslimu palepale, nasi tuliokula naye meza ya Bwana tuna deni lake. Kuna na jambo la Ijumaa alasiri. Wako wanaojua kwamba muuzaji Msabato lazima afunge meza yake kabla ya jua kutua, basi wanangoja hadi saa kumi na moja ndipo wataje bei yao. Hao wanaifanya Sabato ya mwenzao iwe chombo cha kumnyang’anya.

Daudi alionyesha njia nyingine. Arauna alikuwa Myebusi, mgeni kati ya Israeli, tena alijitolea kumpa mfalme kiwanja na ng’ombe bure. Daudi alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Hakutaka ibada yake igharimiwe na mtu mwingine.

Hata hivyo, kumlipa fundi haki yake si kumpa sadaka. Mjini Iringa, Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, karakana ambamo watu wenye ulemavu hufanya kazi za mikono. Humo hufuma vitambaa, hutengeneza mapambo ya shanga, na hata karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Mkahawa wake huhudumiwa na viziwi, na mteja huagiza chakula kwa ishara au kwa kuandika. Mtu ambaye pengine angewekwa barabarani na bakuli anauza kitu kizuri, na anayekinunua anakihitaji. Kwa hiyo usinunue kwa huruma kikapu usichokitaka, halafu ukakitupa stoo. Mshono ukiwa mbaya, mwambie ukweli kwa upole. Fundi huheshimiwa hivyo pia. Mithali 31:31 inataka mwanamke apewe matunda ya mikono yake, na hayo ni mali yake tayari.

Idara zetu za Dorkasi hufanya vema kuwagawia wajane nguo. Lakini angalia tena Matendo 9:39: wajane walionyesha mavazi yaliyoshonwa kwa mkono, na Luka akaona yafaa kuandikwa. Mjane wa leo mwenye ujuzi huenda anahitaji wateja kumi kuliko gauni moja.

Kwa mazungumzo ya darasa: Taja mafundi walio katika kanisa lenu au jirani nalo: wasusi, wafinyanzi, washonaji, wachongaji. Ni nani kati yao ambaye darasa hili lina deni lake, na litalipwa lini kabla ya Ijumaa hii jua kutua? Kanisa likinunua vikapu vya sadaka, mikeka au vitambaa vya meza, huvinunua wapi, na kwa nini?