Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Somo: 1 Wathesalonike 2:17 hadi 3:13



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tuliifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, wala hatukudhani kwamba ingefika siku ambayo mgeni ndiye angemletea mwenyeji maradhi. Siku hiyo ilifika. Mwezi wa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umeenea ulimwenguni kote, na tarehe 13 ya mwezi huo mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Kenya. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa. Kuanzia jioni ya tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia au kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Malori ya vyakula na mizigo ndiyo yaliyopita. Matatu ya abiria 14 ilichukua 8, na nauli ikapanda. Wengi wetu tulifiwa bara tusiende kuzika.

Ndugu wapenzi, wakati ule kutosafiri kulikuwa tendo la upendo. Aliyekaa kwake ili asimwambukize mama yake mzee alimheshimu mama huyo kama apasavyo mtoto. Jambo hilo tusilionee haya.

Hata Mtume Paulo alipatwa na hali ya kufanana na hiyo. Alitoka Thesalonike usiku kwa ajili ya fujo, akafika Beroya, kisha Athene. Katika Waraka wake wa kwanza awaambia Wathesalonike kwamba ametengwa nao kwa uso, si kwa moyo, na kwamba alitaka kurudi kwao zaidi ya mara moja akazuiliwa. Je, alifanya nini? Alifanya mambo matatu. Aliwaandikia. Alimtuma Timotheo, ingawa yeye mwenyewe alibaki Athene peke yake. Tena aliomba usiku na mchana Mungu amwongoze njia ili awaone nyuso zao. Barua haikumtosha. Naye Mzee Yohana, katika Waraka wake wa pili, asema ana mengi ya kuandika lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino. Atumaini kwenda mwenyewe.

Hapo ndipo sisi tunapohukumiwa. Mombasa ilifunguliwa tarehe 7 Julai 2020. Dada yetu mkubwa alikuwa akiishi Taita, mjane wa miaka zaidi ya sabini. Wakati njia imefungwa tulimtumia pesa kwa simu kila mwezi, na tulifanya vema. Lakini njia ilipofunguliwa tuliendelea vivyo hivyo. Mwezi huu nauli imepanda. Mwezi ujao kuna mvua. Baadaye tulisema korona haijaisha, na hali tulikuwa tukienda sokoni kila juma. Siku moja baada ya kupokea pesa alitupigia simu kushukuru, akauliza, "Pesa imefika. Nanyi mtafika lini?" Tulicheka, tukamjibu, "Karibuni, dada."

Alifariki mwezi wa Februari 2021. Tulipata habari asubuhi, na kabla ya jua kutua tulikuwa tumefika kwake. Nauli ilipatikana. Basi lilipatikana. Njia ilikuwa ile ile. Hatuwezi kusema tulizuiliwa.

Twaandika haya kwa sababu twaona kwamba si nyumba yetu peke yake. Korona ilitufundisha kusafiri kidogo, na katika hilo mna faida: safari nyingi za bure zimepungua, na mkutano mfupi waweza kufanywa kwa simu. Lakini mazoea yaliyozaliwa na haja yamekuwa udhuru. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na bado wako wazee wa parishi hii ambao tangu 2020 wasikia ibada kwa redio au simu tu, wala hapana aliyebisha hodi kwao. Ushirika Mtakatifu hautumwi kwa simu.

Kwa hiyo yafaa kila mmoja ajiulize mambo haya. Kwanza, je, ni mgonjwa? Mwenye homa na kikohozi na aahirishe safari, asiwapelekee wazee maradhi. Hilo bado ni upendo. Pili, ikiwa yu mzima na nauli anayo, ni nini kinachomzuia? Asimtafute Shetani mahali ambapo pana uvivu tu. Tatu, ikiwa hawezi kwenda kweli, Timotheo wake ni nani? Mjukuu aliye likizoni aweza kwenda kukaa na bibi siku mbili, amchotee maji, arudi na habari.

Tukumbuke jinsi Mungu alivyotutendea sisi. Zamani alisema na baba zetu kwa vinywa vya manabii, nao walikuwa wajumbe waaminifu. Lakini wakati ulipotimia hakutosheka na ujumbe. Mwanawe alikuja mwenyewe, akatwaa mwili, akaingia nyumbani mwa Petro, akamshika mkono mama mkwe wa Petro, homa ikamwacha. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

Wako wanaotungoja. Twendeni tungali na njia.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetujia tulipokuwa mbali, utusamehe safari tulizoziahirisha hata zikapitwa na wakati. Uwalinde wasafiri wote, uwafariji walio peke yao, utuongoze njia hata tuzione nyuso zao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.