Ukiulizwa Tawi Linaingiza Shilingi Ngapi

Mwanangu, nimesikia umealikwa kwenye podikasti, saa nzima mbele ya kamera, uwaeleze watu kwa nini wachukue jina la mgahawa wako wakafungue tawi Dodoma au Morogoro. Nenda. Anayetaka kuuza kiwanja chake ili afungue tawi hatosheki na bango la barabarani. Anataka akuone unavyokaa ukiulizwa swali gumu, kama unamtazama anayekuuliza au unaanza kuchezea simu. Video itamwonyesha, na itamwonyesha hata yale uliyodhani umeyaficha.

Kwanza jua unachouza. Mteja wa mezani akikosea anapoteza bei ya sahani moja ya wali kuku. Huyu wa franchaizi, yaani anayefungua tawi kwa jina lako, analipa ada ya kuingia, anajenga jiko kwa vipimo vyako, ananunua majokofu unayoyataka wewe, kisha kila mwezi anakulipa mrabaha, na kwa kawaida mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Maana yake akipata hasara mwezi huo, wewe bado unalipwa. Wengi hawalitambui hilo mpaka wameshasaini. Liseme kwenye kipindi kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama mtangazaji hakukuuliza.

Lakini kuna jambo atakalokuuliza tu: tawi moja linaingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Wewe utakuwa umeshachangamka, utataja lile la Kariakoo, tena mwezi wa Desemba. Kesho yake sekunde hizo zitakatwa ziwe klipu, zizunguke WhatsApp bila maneno yaliyotangulia wala yaliyofuata, na mtu wa Kahama atazipokea kama ahadi.

Marekani jambo hili limewekewa sheria. Tume yao ya biashara, FTC, ina kanuni ya franchaizi iliyoanza kutumika 1979 na kurekebishwa 2007. Mwenye jina humpa mnunuzi waraka wenye vipengele 23, siku 14 kabla hajasaini wala kutoa hela. Kipengele cha 19 ndicho cha mapato: ukitaka kuzungumzia mapato ya matawi, maelezo yawe humo na yawe na msingi wa hesabu. Kauli ya kuwavuta wanunuzi kupitia vyombo vya habari nayo inahesabiwa, kwa hiyo ulimi ukiteleza kwenye kipindi, umeteleza kisheria. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya 2008 ya kumlinda mlaji, aliyesaini mkataba wa franchaizi ana siku 10 za kazi za kujitoa bila kulipishwa. Usiniambie hayo ni ya watu wa huko. Aliyepoteza kiwanja Morogoro analia kama aliyekipoteza Durban.

Basi ukiulizwa, sema hesabu za matawi yote unazo kwa maandishi, yanayokwenda vizuri na yaliyofungwa, na anayetaka aje ofisini azisome. Kisha uwe nazo kweli! Wapo wanaosema hivyo hewani na ofisini hakuna hata daftari.

Heri zaidi umpeleke mwenye tawi akahojiwe yeye. Usimpeleke shemeji yako aliyefungua la kwanza, huyo kila mtu anamjua. Mchague asiye ndugu, halafu wewe kaa nje ya studio. Aseme umeme ulipokatika siku mbili na kuku wakaharibika, nani aliingia hasara, na ulipopigiwa simu ulipokea saa ngapi.

Na usikubali saa nzima iishie kwenye viti. Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, kabla jina hilo halijaenea, alizunguka kwa gari migahawani akiwapikia wenye migahawa kuku wake. Pete Harman wa Utah ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua franchaizi yake, mwaka 1952. Wewe una kamera. Waombe waingie jikoni saa sita mchana foleni ikiwa imejaa, waone vijana wako wanavyopima mafuta na chumvi, na oda ikichelewa waache waone pia.

Kabla hujakaa, muulize mtangazaji kama utaziona klipu kabla hazijatoka. Na kama umelipia kipindi, mwambie alitaje hilo mwanzoni kabisa, kabla ya kukutambulisha.