Jina Halikubeba Ndizi

Jumamosi moja nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Voi. Tukapita Mwatate, Bura na Maktau, na jua halijawa kali nilikuwa tayari katikati ya soko la Taveta. Anayelijua soko hilo anazijua Jumatano na Jumamosi zake: mikungu ya ndizi imelazwa chini safu kwa safu, nyanya zimejaa kwenye kreti, na Wakenya na Watanzania wanavutana bei kwa Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka. Hapo nilimwona mama mmoja, leso kiunoni, amesimama mbele ya mikungu yake sita. Alikuwa akimwambia broka kwa sauti iliyofika barabarani: "Kwa jicho siuzi leo. Leta mizani."

Broka alicheka. Mama hakucheka. Alimweleza kwamba shamba ni lake, maji ameyalipia, mbolea ameinunua kwa kilo, basi kwa nini jasho lake lipimwe kwa kukodolewa macho? Watu walikusanyika. Kijana mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyu mama ni firebrand!" Tukapiga makofi. Nasema tukapiga kwa sababu na mimi nilipiga.

Kisha broka akasogea hatua tatu, kwa mama wa pili, akakadiria mikungu yake kwa jicho, akalipa. Akaenda kwa wa tatu na wa nne. Umati ulitawanyika. Saa saba mchana nilimwona yule mama akisaidiwa na mwenye bodaboda kufunga mikungu yake sita kwa kamba ya mpira, airudishe nyumbani ilikotoka.

Tangu siku hiyo neno lile la kijana halijanitoka kichwani. Tunalisikia redioni na kulisoma magazetini kila msimu wa siasa. Waandishi wetu wa Kiswahili hulifasiri kwa kusema "mbunge machachari". Simlaumu kijana, kwa kuwa alikusudia kusifu. Na huenda alilikimbilia neno la Kizungu kwa sababu maneno tunayowawekea wanawake wa namna hiyo kwa Kiswahili ni machungu: ana mdomo, jeuri, kichwa ngumu, atakaa na nani huyo? Mwanamume akisema yale yale, tunamwita shujaa.

Lakini neno hilo la Kiingereza, kabla halijawa jina la mtu, lilikuwa jina la kitu cha jikoni. Ni kipande cha ukuni kinachowaka upande mmoja. Nasi tunalo neno lake, tena zee: kinga. Wengine husema kijinga cha moto, na mtoto wa leo akilisikia hudhani ametukanwa.

Mimi nilikijua kinga kabla sijajua kusoma. Nyanya yangu akiamka na kukuta moto umelala majivuni, alinituma kwa jirani kuomba moto. Nilirudi mbio nimeshika kinga kwa upande usiowaka, nikikipunga hewani kisizime njiani. Nikifika, hakukiweka peke yake katikati ya mafiga. Alitafuta kinga kingine kilichobaki na joto, akavigusanisha ncha kwa ncha, akapuliza. Wazee walishatuachia methali yake: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Usiku, chakula kikishaiva, nyanya hakuuzima moto kwa maji, kwa kuwa maji yalichotwa mbali. Alivivuta vinga kila kimoja upande wake. Hakuvipiga wala kuvikanyaga. Vilitoa moshi kidogo, kila kimoja mahali pake, na baada ya muda vikawa vyeusi.

Nimeishi miaka mingi ndipo nikatambua kwamba watawala nao wanaijua kazi hiyo ya nyanya. Mwaka 1939 Wataita waliochoka kuporwa ardhi waliunda chama chao, Taita Hills Association. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, ikawakamata viongozi na kuwazuilia mbali na watu wao. Vinga vilivutwa, kila kimoja upande wake.

Uhuru ulipokuja, mbinu haikusahaulika. Mwaka 1981 Charles Njonjo, aliyekuwa waziri, aliwabandika wabunge saba wakosoaji jina la Kiingereza lenye maana ya dada saba wenye ndevu. Mmoja wao alikuwa wetu wa Taita, Mashengu wa Mwachofi wa Wundanyi. Wengine walikuwa akina James Orengo, Koigi wa Wamwere, Lawrence Sifuna na Chibule wa Tsuma. Nchi ilicheka. Jina lilikuwa tamu mdomoni, na anayechekwa hatazamwi kama anayekusemea. Haikuchukua muda, baadhi yao walikuwa kizuizini au uhamishoni.

Namkumbuka pia Chelagat Mutai. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1974 akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini, akafungwa mwaka 1976, na mwaka 1981 akakimbilia Tanzania. Hakuna habari yake niliyowahi kusoma isiyomtaja kwa moto wake. Hata hivyo miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwaka 2013, ilikuwa ya maradhi na dhiki. Taifa zima lililijua jina lake la moto, na wachache walijua alikolala.

Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Jina tunalompa mtu mkali, hata tukilitoa kwa mapenzi, linaweza kuwa njia ya kumvuta pembeni. Tukishasema "yeye ndiye firebrand", tumesema pia kwamba sisi sio. Tumempa kazi ya kuwaka, sisi tukabaki na kazi ya kuota. Haki ya mizani ikawa hamu yake, hasira yake, tabia aliyozaliwa nayo, ilhali mizani ile ingepima ndizi za soko zima.

Na tazama lugha yetu ilivyo. Kinga cha jikoni kinatamkwa sawasawa na kinga inayotukinga na maradhi. Sidai kwamba maneno hayo yana mzizi mmoja. Najua tu kwamba katika kila kijiji nilichoishi, mtu aliyekuwa na ulimi wa moto ndiye aliyekuwa ngao ya wanyamavu, na wanyamavu ndio waliokuwa wa kwanza kumwambia apunguze maneno.

Jumatano iliyofuata nilirudi Taveta. Nilimkuta mahali pale pale, safari hii ana mikungu minne, kwa kuwa baadhi ya ile ya kwanza ilikuwa imeiva kupita kiasi nyumbani. Nilimsalimu, nikamwambia nilikuwepo Jumamosi na kwamba watu walimsifu sana. Alinitazama kwa upole ambao sikuutarajia.

"Mwanangu," akasema, "hilo jina lenu la Kizungu halikubeba ndizi zangu. Jirani yangu angesimama tu hapa kando yangu, hata asiseme neno, yule broka angeleta mizani."

Hata asiseme neno. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Mama yule hakutaka soko zima liwe na ndimi kama wake. Si kila mtu ameumbwa na sauti ya kufika barabarani, na hilo si kosa. Ukuni mbichi hauwaki wenyewe. Nyanya aliulaza karibu na kinga, ukatoa machozi ncha ya pili, ukakauka taratibu, na kabla ugali haujaiva ulikuwa umeshika moto bila mtu kuupuliza. Alichoomba mama ni ukaribu huo.

Nilikuwa na shughuli zangu sokoni na matatu ya kurudi Voi. Niliziacha. Niliketi juu ya kreti tupu kando ya mikungu yake, tukazungumza habari za mvua na za wajukuu zake. Jua lilipopanda, broka alifika na daftari lake kwapani, akainama na kuanza kukadiria.

"Leta mizani," mama akasema.

Nikasimama.