Ngoma Isiyopigwa kwa Mkono ni ya Nani?

Neno ngoma katika Kiswahili limebeba maana zaidi ya moja. Ni chombo cha mti na ngozi. Ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Tena ni ule mkusanyiko mzima wa watu waliokuja kucheza, kutazama na kuitikia. Katika Kirundi, lugha ya nyumbani ya walio wengi miongoni mwa wanafunzi wetu hapa Muhuta na katika mwambao wa ziwa mpaka Rumonge, ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Maana zote hizi zina jambo moja zinaloshirikiana: hazimfikirii mtu aliye peke yake. Ngoma ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani haikupata kuwa na jina.

Leo ngoma ya namna hiyo ipo. Kijana huketi mbele ya kompyuta, masikio yamezibwa kwa visikizio, na kwa kidole kimoja hupanga mapigo ya ngoma kumi na mbili ambazo hajazigusa maishani mwake. Akitoka nje, wenzake wanaicheza kazi yake na kumwita fundi. Wazee wanatikisa vichwa na kusema kwamba huyo hakupiga ngoma, bali amecheza na mashine. Nasi walimu huulizwa: je, kijana huyu ni msanii au ni mwizi wa jasho la wengine? Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali hilo kwa utaratibu, maana lina pande mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Upande mmoja ni wa sanaa: je, panapokosekana mkono, pana usanii? Upande wa pili ni wa haki: je, anayetumia mapigo ya wengine anadaiwa nini?

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Programu za kutengenezea muziki, kama vile FL Studio iliyotokea Ubelgiji mwaka wa 1997 kwa jina la FruityLoops, huonyesha juu ya kioo mistari ya visanduku vidogo, kwa kawaida 16 katika kila mstari. Mstari mmoja ni wa ngoma nzito, wa pili ni wa ngoma kali, wa tatu ni wa matoazi, na kadhalika. Mpangaji hubonyeza kisanduku pale anapotaka pigo lisikike. Pasipobonyezwa ni kimya. Kisha mashine hupita juu ya visanduku tangu cha kwanza hadi cha mwisho, ikarudi mwanzo, bila kuchoka wala kukosea. Wazo lenyewe si la jana. Mwaka wa 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine iliyoitwa TR-808, yenye vitufe 16 vilivyopangwa safu moja kwa kazi hiyo hiyo. Katika mwaka huo huo Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake ya LM-1, ambayo sauti zake zilirekodiwa kutoka ngoma za kweli.

Mwalimu wa Kiswahili akiviona visanduku hivyo 16 hawezi kukosa kukumbuka mizani. Mshororo wa shairi letu la tarbia una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mtunzi huhesabu, hupanga, hufuta, hujaza. Hakuna aliyepata kusema kwamba shairi si sanaa kwa sababu mizani yake inahesabika. Basi wale wanaomkataa kijana wa kompyuta kwa hoja kwamba kazi yake ni hesabu tupu, hawana budi wawakatae na watunzi wetu wote.

Hata hivyo, hoja yao ina chembe ya kweli. Sote tumewahi kusahihisha shairi ambalo mizani yake imetimia na vina vyake havina kasoro, lakini ndani yake hamna kitu. Visanduku navyo ni hivyo hivyo. Mapigo yaliyopangwa sawasawa kabisa huchosha sikio upesi, na hata wahandisi walilitambua jambo hilo mapema. Ndiyo maana Linn aliiwekea mashine yake uwezo wa kulichelewesha kidogo kila pigo la pili, ili mwendo uyumbe kama wa binadamu. Kiasi gani cha kuchelewesha? Mashine haijui. Anayejua ni sikio la mpangaji. Hapo ndipo usanii ulipo: katika kuchagua pa kupiga, pa kunyamaza na pa kuchelewa, na katika kujua kwa nini.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali nasi. Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu na vya ngoma za kwao, wakaviharakisha kwa kompyuta hata mapigo yakapita 200 kwa dakika, na huo ndio muziki wa singeli. Mwaka wa 2017 sahani ya kazi za studio ya Sisso ya huko ilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na singeli ikasikika mbali. Mtu anaweza kuuchukia muziki huo kwa kelele zake. Lakini hawezi kusema kwamba umetungwa na mashine. Mashine hizo hizo zinauzwa duniani kote, na singeli imezaliwa Dar es Salaam peke yake.

Basi twakubali kwamba kupanga mapigo ni sanaa. Je, ni sanaa ile ile ya upigaji ngoma? Hapa twaona kwamba wazee wamesema neno la haki. Tuitazame ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka wa 2014. Ngoma zake huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma inene, na huwambwa ngozi ya ng'ombe. Idadi yake huwa ni witiri, kumi na kitu, nazo hupangwa nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati, inkiranya. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Ibishikizo huufuata mwendo unaotolewa na inkiranya. Mpigaji hutoka katika safu kwa zamu, akaja mbele, akaruka na kucheza, akarudi mahali pake.

Katika mpango huo kila mpigaji anamsikiliza mwenzake. Anayeongoza anaweza kubadili mwendo ghafula, na wengine lazima waitikie papo hapo, mbele ya macho ya watu. Akikosea, mwenzake humfunika. Akitukuka, wote hutukuka naye. Mpangaji wa kompyuta, kwa upande wake, ndiye inkiranya, ndiye amashakwe, ndiye ibishikizo. Hakuna wa kumjibu wala wa kumkosoa. Akiharibu, hufuta. Hatumlaumu kwa hilo, kwa sababu hata mtunzi wa shairi hufuta; ila twasema kwamba jina linalomstahili ni mtunzi, si mpigaji. Mtunzi anayeandika utenzi hajawa mghani mpaka asimame mbele ya watu na kughani. Majina mawili, kazi mbili, heshima mbili. Ugomvi mwingi kati ya wazee na vijana ungetulia kama kila mmoja angekubali jina lake.

Sasa tuje kwenye upande wa haki, ambao ndio mzito zaidi, nasi tunaokaa Burundi tuna sababu ya kuuzungumza. Mwaka wa 1967 wataalamu wa Ocora, kampuni ya sahani ya redio ya Ufaransa, walirekodi muziki wa nchi hii, na miongoni mwake mlikuwa na ngoma za kifalme. Mwaka wa 1971 ikatoka huko Ulaya sahani iliyoitwa Burundi Black: mtengenezaji alikuwa amezichukua sauti zile zile za wapigaji wetu, akaziongezea kinanda na magitaa, na sahani ikanunuliwa na wengi. Jina lililowekwa juu yake lilikuwa Burundi Steiphenson Black. Mwaka wa 1975 mwimbaji Joni Mitchell akakitumia kipande cha ngoma hizo, kilichofanywa kijirudie, katika wimbo wake The Jungle Line. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi za Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zikauiga mdundo huo kwa ngoma zao wenyewe. Hata pakawa na msemo huko wa mdundo wa Burundi, uliotajwa na watu ambao pengine wasingeweza kuionyesha Burundi katika ramani.

Je, wote hao walifanya kosa moja? Sisi twaona kwamba sivyo, na lugha yenyewe ndiyo inayotufundisha tofauti. Kiswahili kimekopa maneno kwa Waarabu, kwa Wareno, kwa Waingereza na kwa wengineo, wala hakikumlipa mtu. Aliyekopwa neno hakupungukiwa neno. Muundo wa mdundo ni kama neno: bendi iliyousikia, ikajifunza, ikaupiga kwa mikono yake, imekopa kama lugha zinavyokopana, na deni lake ni la adabu tu, yaani kutaja ilikojifunza. Lakini sauti iliyorekodiwa si neno. Ni shairi lililokwisha tungwa. Watu fulani, siku fulani, waliinua vijiti na kuzipiga ngozi zile kwa nguvu za mikono yao. Anayeikata sauti hiyo na kuiweka katika kazi yake amechukua kazi ya mtu, si mfano wa kazi. Kila mtu ana ruhusa ya kutumia neno bahari katika shairi lake. Hakuna mwenye ruhusa ya kupiga chapa shairi la mwingine na kuweka jina lake chini.

Tunao mfano wa namna njema ya kuchukua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, yangalipotea pamoja na waliokuwa wakiyakumbuka. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua, Mwingereza Taylor akayaandika, na mwaka wa 1940 Hichens akayatoa kitabuni. Yametoka kinywani yakaingia katika karatasi, na karatasi pia ni mashine ya aina yake. Lakini jina la Muyaka halikuachwa njiani, na leo twamsoma yeye, hatumsomi Hichens. Wapigaji wa mwaka wa 1967 hawakupata bahati hiyo. Sauti zao zimezunguka dunia bila ya majina yao. Jambo la kusikitisha ni kwamba tendo lililohitaji studio ya Ulaya mwaka wa 1971 sasa laweza kufanywa na mwanafunzi wetu jioni moja, tena bila ya kujua kwamba amefanya tendo lolote.

Limebaki swali moja ambalo hatutaki kulikwepa. Mwezi wa Oktoba 2017 amri ya Rais wa Jamhuri iliweka kwamba ngoma za kifalme zipigwe na wanaume tu, na kwamba anayezitaka nje ya sherehe rasmi apate kibali na kulipa ada ya faranga 500,000. Kabla ya hapo palikuwa na vikundi vya wanawake waliozipiga. Tuseme basi kwamba msichana wa Muhuta amejifunza kwa kusikiliza jinsi inkiranya inavyoongoza na ibishikizo vinavyofuata, kisha akaupanga mwendo huo katika kompyuta kwa sauti alizozitengeneza mwenyewe. Je, amevunja heshima ya ngoma?

Amri ile ilihusu upigaji wa ngoma mbele ya watu, na sisi si mahakimu wa kuitafsiri. Twajibu kwa upande wa maadili tu. Kama heshima ya ngoma ni kuijua, kuisikiliza na kutoifanyia mzaha, basi msichana huyo ameiheshimu kuliko mvulana mwenye ruhusa ya kuipiga ambaye hukata kipande chochote akipambia matangazo ya biashara. Wala hatuoni kwamba akili ya mdundo imegawanywa kwa jinsia. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, wana mizani ambayo haihitaji kufundishwa na mtu. Watoto wengi wameusikia mdundo huo wakiwa mgongoni mwa mama, kabla hawajaiona ngoma yoyote. Kumwambia binti wa mama huyo kwamba mdundo si wake ni kusema jambo gumu kuthibitishwa.

Nini basi wajibu wetu walimu? Kwanza, tuache kuwadhihaki vijana hawa kwa kuwaita watu wa mashine. Tuwape jina la watunzi, kisha tuwadai wajibu wa watunzi. Pili, mwanafunzi akileta kazi yake, tumwulize maswali matatu: sauti hizi umezitoa wapi? Ni za nani? Umewataja? Maswali haya ndiyo tunayomwuliza anayeandika insha, na hayana sababu ya kubadilika kwa kuwa wino umegeuka kuwa umeme. Tatu, tumtume aende kwa wapigaji walio hai, akae, asikilize, na akipata nafasi awasikilizishe alichokitunga. Huko ndiko atakakojibiwa, jambo ambalo kompyuta haiwezi kumfanyia. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini ili atunzwe, lazima kwao wajue kwamba amecheza, na yeye ajue kwao ni wapi.