Siku Tano Zitapita

Wanangu mnaoendesha magari na pikipiki kati ya Nyamyumba na mji wa Gisenyi, nisikilizeni. Tunaishi mahali bia inapotengenezwa. Kiwanda cha Bralirwa kilianza mwaka 1957, na watoto wengi wa hapa wamesomeshwa na mishahara yake, kwa hiyo sikuja kuwahubiria pombe ifungwe. Nataka tuzungumze juu ya mtu anayekamatwa akiendesha amelewa, kwa sababu naona mnaogopa adhabu ndogo na kuikimbilia kubwa.

Kipimo cha Rwanda ni gramu 0.8 za pombe katika lita moja ya damu. Ukipuliza kile kifaa ukaonekana umezidi hapo, unawekwa mahabusu siku tano na unatozwa faini ya faranga 150,000. Kimoja hakifuti kingine: utalala na utalipa. Kwa kijana wa pikipiki hizo ni siku tano bila hesabu ya mwenye chombo, na pengine mbuzi wa mama yake atauzwa. Inauma, najua. Lakini siku tano hupita, na mbuzi hununuliwa tena.

Hatari yenyewe iko katika dakika zile za kwanza, polisi anapokuambia ushuke. Hapo ndipo kijana hukunja noti ya elfu tano ndani ya leseni. Mwanangu, sheria ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa inampa mtoa rushwa kifungo kinachozidi miaka mitano, hadi saba, na faini ya mara tatu hadi tano ya alichotoa. Tena kosa hilo halifutwi na muda. Ulikuwa na siku tano mkononi, ukazigeuza kuwa miaka kwa noti moja. Na msidhani polisi ataona haya kukushtaki. Kila mara tunasikia madereva waliokamatwa noti zikiwa bado mkononi.

Mwingine hukata shauri kukimbia. Barabara yetu ya ziwani ina kona, ina malori ya bia, ina kina mama wanaotoka sokoni na mizigo kichwani. Ukimuua mtu kwa uzembe, sheria ya makosa ya jinai inataja kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, na faini ya faranga 500,000 hadi 2,000,000, au kimojawapo. Hapo fidia ya wafiwa bado. Mimi naona hata kifungo hicho ni chepesi kuliko kurudi kuishi kijiji kimoja na mama wa mtoto uliyemuua, mkipishana kila asubuhi njia ya maji.

Wapo wanaosema sheria hii ya ulevi barabarani ni ya wanyonge. Novemba 2022 Rais Kagame alilalamika hadharani kwamba mbunge alikamatwa akiendesha amelewa, polisi wakamwachia kwa sababu ya kinga yake. Siku chache baadaye mbunge huyo, Gamariel Mbonimana, alijiuzulu ubunge na kuomba radhi. Namheshimu kwa kuomba radhi. Lakini kiti hakikurudi.

Nanyi madereva wa malori mnaoondoka alfajiri kwenda Kigali, usingizi hauwasafishi haraka kama mnavyodhani. Mwili wa kawaida hupunguza kama gramu 0.15 za pombe katika lita ya damu kwa saa. Aliyelala saa sita usiku akiwa na gramu 1.5, saa kumi alfajiri bado yuko juu ya kipimo. Kahawa haiharakishi kitu, wala samaki sambaza, wala kuoga kwenye chemchemi zetu za maji moto.

Ukisimamishwa, zima injini, toa leseni, puliza. Zungumza kwa adabu. Omba nyumbani wajulishwe ulipo, kisha nyamaza. Ndugu wa aliyekamatwa, msiende kituoni na bahasha. Lipeni faini kwa njia ya serikali na mtunze risiti. Na nyinyi mliokaa naye meza moja, mkamwona akichukua funguo mkanyamaza, nendeni mkamlimie mama yake siku hizo tano.