Neno la Wazee, Je, Ni Kosa?

Kila lugha iko na maneno ambayo watu wa masomo wanayacheka. Sisi tunajiuliza: mtu anayesema vile wazee wake walisema, anakosa? Na yule anayemcheka, anafanya vizuri?

Tutazame Kingereza, maana wengi wanafikiri lugha hiyo ilizaliwa ikiwa imenyooka. Vitabuni kuuliza ni «ask». Lakini Weusi wengi wa Marekani na watu wengi wa visiwa vya Karibi wanasema «aks», na mara mingi wanachekwa, eti hawakusoma. Kumbe matamko yote mawili yalikuwa Uingereza tangu zaidi ya miaka 1000. Chaucer, mshairi mkubwa aliyekufa mwaka 1400, aliandika «axe». Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535 nayo iliandika vile vile. Tena, ndege aliitwa zamani «brid». Leo ni «bird». Hapo pia herufi ziligeuzwa, lakini hakuna anayecheka. Basi tunaona ya kama watu hawapimi neno tu. Wanapima pia ni nani anayelisema.

Caxton, aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, alisimulia katika mwaka 1490 habari ya mfanyabiashara mmoja aliyeshuka pwani na kuomba mayai kwa mama mmoja. Alisema «egges», neno la kaskazini lililoletwa na watu wa Skandinavia. Mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Bwana akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Mwenzake akasema «eyren», neno la zamani la kusini, na mama akasikia mara moja. Caxton akauliza: sasa mtu aandike neno gani? Leo «eyren» imekufa, na lile lililotoka ng'ambo ndilo la shule.

Wengine watatuambia: mtoto anahitaji lugha moja ya mtihani na ya barua. Ni kweli, hatukatai. Bila umbo moja, mama yule na mgeni wake hawangeelewana. Lakini kufundisha umbo la shule ni kitu kimoja, na kumhaibisha mtoto kwa umbo la nyumbani ni kitu kingine. Mtoto anayechekwa ananyamaza, na akinyamaza hajifunzi hata lile la shule.

Jambo hili linatugusa sisi pia. Lubumbashi watu wanasema «batu», na kitabu kinasema «watu». Wengi wanaita «batu» uharibifu. Lakini wataalamu wa lugha za kibantu wanatuonyesha kwamba «ba» ni ya zamani kuliko «wa» ya pwani. Kwa hiyo tunaomba walimu na wazazi: mufundishe «watu» darasani, na mtoto akisema «batu» musimcheke. Mumwambie mahali pa kila moja. Neno lile alilipewa na bibi yake, na bibi hakukosa.