Rangi ya Uso na Mizani ya Haki

Skrini ya kompyuta na karatasi ya picha hazitoi rangi kwa njia moja. Skrini huwaka yenyewe: huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Karatasi haiwaki, wino hunyonya sehemu ya mwanga unaoiangukia na kurudisha uliobaki. Ndiyo maana picha iliyong'aa kwenye skrini hutoka kwenye printa ikiwa na giza. Mara nyingi kosa ni la skrini, ambayo hutoka kiwandani na mwanga mkali mno.

Ili kuirekebisha, fundi wa picha huiacha skrini iwake nusu saa, kisha huushusha mwanga hadi kandela 80 au 120 hivi kwa mita ya mraba. Kifaa kidogo cha kupimia hulazwa juu ya kioo, programu huonyesha rangi moja baada ya nyingine, na tofauti kati ya rangi iliyoagizwa na iliyoonekana huandikwa katika faili la masahihisho. Printa nayo hutengenezewa faili lake kwa kila aina ya karatasi. Picha iliyochapwa hutazamwa chini ya mwanga ambao wachapaji wamekubaliana, wa kelvini 5000.

Wamekubaliana: hapo ndipo swali linapoanza. Kama kila hatua ni makubaliano, rangi ya kweli iko wapi?

Newton, katika Opticks ya mwaka 1704, alisema miale yenyewe haina rangi. Ina nguvu tu ya kuamsha hisi ya rangi. Wengine wakahitimisha kwamba rangi imo jichoni tu. Kiswahili hakiendi mbali hivyo. Ukiacha -eupe, -eusi na -ekundu, rangi zake nyingi zimeazima jina la kitu: kijani ni majani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa. Rangi ina mwenyewe. Basi swali lililo karibu zaidi na maisha ni hili: rangi hii ni ya nani?

Tuseme mzee amefariki Ntoto, mashariki mwa Kongo, kule Masisi inakopakana na Walikale. Picha yake pekee imo katika simu ya mwanawe: ameketi chini ya shitingi, yaani turubai la plastiki, ya buluu, migomba nyuma yake. Simu inapelekwa Goma ili ichapwe picha ya kuweka juu ya jeneza. Fundi hakuwahi kumwona mzee huyo. Kipimo hakiondoi ubuluu wa shitingi usoni, lakini humwonyesha fundi kiasi cha kuutoa. Bila kipimo anabahatisha, uso unatoka na rangi ya majivu, na binti wa marehemu anasema, "Huyu si baba."

Hata hivyo, kipimo sahihi kinaweza kudhulumu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Mashine ilikubaliana barabara na kadi, huku nyuso nyeusi zikipotea gizani. Torati, katika Walawi 19, na Qurani, katika sura ya Al-Mutaffifin, zinaihesabu mizani kuwa jambo la mtu na Mungu wake, wala si la soko peke yake. Amri ya kutopunja mizani inaihusu skrini pia, kwa kuwa anayepunjwa sura amepunjwa kitu kikubwa kuliko kibaba cha mchele.

Kipimo, basi, hakiwezi kujitolea ushahidi. Katika picha za majaribio huwekwa nyuso za weusi wa namna mbalimbali, si moja. Kisha kipande kidogo huchapwa kwanza, hutolewa nje mlangoni, penye kivuli cha mchana, na kukabidhiwa mtu aliyemjua marehemu akiwa hai.